Nafasi ya Jina Moja

Mji mzima ulimwita Fundi Mstari, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Hakuweza kupita mbele ya kibao kilichoinama bila kusimama, kufumba jicho moja, na kumwuliza mwenye duka kama nyumba yake nayo imejengwa vivyo hivyo. Alikuwa ameandika mabango kwa miaka thelathini na moja. Kinyozi, daktari wa meno, ofisi ya ardhi, wote walijulikana mlangoni kwa mkono wake. Mwenyewe alipenda kusema kwamba kazi yake iliyosomwa na watu wengi kuliko zote iko ukutani nyuma ya soko, MARUFUKU KUKOJOA HAPA, na kwamba ndiyo hiyo hiyo iliyotiiwa na watu wachache kuliko zote.

Mtu akimwuliza imekuwaje kamwandikia huyu asubuhi na hasimu wake jioni, jibu lilikuwa tayari mdomoni: "Mimi siandiki maneno, bwana. Naandika herufi." Na hakuwa anakwepa. Ndivyo alivyofanya kazi kweli. Akishashika brashi hakusoma kitu. Aliona migongo ya herufi, matumbo yake, miguu yake, na upana wa nafasi kati ya hii na ile. Neno lenyewe lilimpita kando kama mtu asiyemjua. Alijivunia hilo sana, na sisi tuliomsikiliza tukalicheka kwa miaka yote hiyo, hatukuona ubaya wake.

Alikuwa na jambo lingine la kazi. Mafundi wengine hupima mstari kwa rula na kuridhika. Yeye, kabla ya kuandika lolote, aliandika kwanza kwa chaki jina la mpwa wake, majina yote matatu, herufi ishirini na mbili, ili aone mstari unakaaje. Mpwa huyo alikuwa mtoto pekee wa dada yake, naye fundi hakujaliwa wa kwake. Kijana alijifunzia kusoma dukani pale, juu ya kibao kibovu, kwa kufuatisha jina lake mwenyewe. Tangu siku hizo mkono wa mjomba uliliandika bila kuagizwa. Mabango mangapi ya mji huu yana jina hilo chini ya rangi, hata yeye hajui.

Vita vilipoanza kule mpakani, kijana alikwenda. Alikwenda siku ile ile na mwenzake aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, mtoto wa mwalimu wa darasa la nne. Mama zao walisimama bega kwa bega wakipunga mikono mpaka lori likapotea. Baada ya mwaka mmoja hawakusalimiana tena.

Dada yake fundi, ambaye watu walianza kumwita Mama Koplo mwanawe alipopandishwa cheo, aliingia katika kamati ya wanaounga mkono vita. Usidhani alipenda vita. "Kaka," alimwambia siku moja, anachambua mchele bila kuutazama, "mtu akiniambia vita hivi ni vya bure, ananiambia mwanangu yuko kule bure. Sasa mimi nilale vipi?" Mwalimu naye, mama wa yule kijana mwingine, aliongoza upande wa pili, wa wale waliotaka vijana warudishwe nyumbani, na ukimsikiliza kwa makini, sababu yake ilikuwa hiyo hiyo. Lakini nani alikuwa na nafasi ya kumsikiliza mwenzake kwa makini? Ilifika mahali watu wakanunua mkate duka la mbali ili wasikutane na upande mwingine kwenye foleni.

Ijumaa moja fundi alikuwa na vitambaa viwili dukani, kwa sababu kesho yake pande zote mbili zilikuwa na mkutano. Cha kwanza, cheupe, kilikuwa cha kamati ya dada yake: TUSIMAME NA VIJANA WETU. Cha pili kilikuwa cheusi, kirefu, cha kuandikwa kwa rangi nyeupe, na kililetwa na mwalimu mwenyewe pamoja na karatasi aliyoikunja mara nne. Juu: WARUDISHENI VIJANA WETU. Chini yake, safu tatu za majina ya vijana wa mji huu waliokwisha kufa. Thelathini na tano.

"Na hapa mwisho, Fundi," mwalimu alisema, kidole chake kikiwa kona ya chini kulia, "niachie nafasi ya jina moja."

"La nani?"

"Kuna familia bado haina hakika. Wakipata hakika, nitakuletea asubuhi. Wasipopata, pabaki hivyo hivyo."

"Pabaki wazi? Mwalimu, patakuwa kama pengo la jino."

"Pabaki," alisema mwalimu, na akaondoka haraka, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, maana alikuwa mtu wa kuaga hata kuku.

Fundi alichora mistari yake. Pale kwenye pengo, ili ajue jina hilo likija litakaaje, aliandika kwa chaki lile jina alilolipimia siku zote. Kisha akaanza kazi, mstari kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia. Alasiri mtu wa kamati alikuja mara mbili kuulizia kitambaa cheupe. Jua lilikuwa linageuka dirishani na rangi ilikuwa inakauka kwenye kopo. Alipofika mstari wa mwisho aliandika jina la kushoto, akaandika la katikati, na mkono ukaendelea na la kulia. Chaki ilikuwepo, brashi ikaifuata, herufi ishirini na mbili, migongo, matumbo na miguu. Alipomaliza alirudi nyuma hatua nne, akafumba jicho moja, akaona mistari yote imenyooka. Aliridhika kabisa. Asubuhi watu wa mwalimu walikuja, wakakikunja kitambaa kama shuka, wakaenda nacho.

Fundi alikuwa na tabia ya kwenda kuiangalia kazi yake kwa mbali, na Jumamosi ile alikwenda. Waliotaka vijana warudi walisimama mbele ya posta. Waliounga mkono vita walisimama kwenye ngazi za halmashauri, ng'ambo ya barabara, na katikati polisi wamevuta kamba. Fundi alisimama pembeni, mlangoni kwa duka la dawa, akitabasamu kidogo: VIJANA WETU huku, VIJANA WETU kule, mkono mmoja.

Kitambaa cheusi kikakunjuliwa. Watu wa ngazini walikaa kimya kwa mara ya kwanza siku ile, maana hata aliye hasimu wako huwezi kumzomea akiwa ameshika majina ya wafu. Mama Koplo alikuwa mbele, ameshika mti mmoja wa kitambaa cheupe. Akawa anasoma. Midomo yake ilikuwa inacheza, jina baada ya jina, mpaka mwisho wa safu ya tatu.

Sauti aliyoitoa Mama Koplo, fundi hakuwahi kuisikia. Haikuwa ya kilio; ilikuwa kama ya kitu kizito kilichoburutwa sakafuni. Aliuachia mti, akapita chini ya kamba kabla polisi hajageuka, akakirukia kile kitambaa kwa mikono miwili akilitaja jina la mwanawe. Wa upande wake wakadhani amevamiwa, wakamfuata. Wa upande wa pili wakajua wamevamiwa, wakasimama. Basi tena. Miti ya mabango ikageuka fimbo, kioo cha duka la dawa kikamwagika miguuni pa fundi, virungu vikafanya kazi yake bila kuchagua. Ndani ya dakika kumi mwalimu alikuwa amekaa chini na damu inamchuruzika kwenye paji la uso, na Mama Koplo amevunjika kifundo cha mkono, bado ameng'ang'ania kipande cha kitambaa.

Fundi alikisoma kipande kile. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja aliisoma kazi yake neno kwa neno.

"Wewe Fundi!" Mwenyekiti wa kamati alikuwa amemshika kwenye kola. "Hii si kazi yako hii? Kijana yuko hai, wiki iliyopita tu ameandika barua! Nani kasema aandikwe humu?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Maneno yalikuwa machache: ni mimi, nimekosea. Watu walikuwa wamemzunguka, nyuso zimevimba kwa hasira, dada yake anabebwa.

"Mimi naandika ninacholetewa," fundi alisema.

Na ilikuwa imetosha. Sentensi ile haikuwa na jina la mtu, wala haikuwa uwongo ukiitazama kwa jicho moja kama alivyozoea kutazama mistari yake. Kufika jioni mji mzima ulikuwa unajua kwamba mwalimu alimwandikisha mtoto wa mtu miongoni mwa wafu ili kumtia mama yake uchungu, na kwamba fundi mwenyewe kathibitisha.

Siku ya pili yake, Jumapili, simu ya Mama Koplo ililia. Fundi alikuwepo, ameketi mwisho wa kitanda, hawezi kumtazama dada yake usoni wala bandeji yake. Alikuwa kijana, hai, sauti inakatikakatika. Mama alicheka na kulia kwa pamoja, akampiga kaka yake begani kwa mkono mzima, akarudia "mwanangu, mwanangu" mpaka majirani wakaja. Kisha akainuka na simu, akaenda jikoni, na fundi akasikia tu "eeh... eeh... nimesikia, mwanangu." Alimshukuru Mungu kwa moyo wote. Akadhani mambo yamekwisha, kwamba habari njema itafuta ile mbaya, na yeye hatalazimika kusema kitu.

Haikufutika. Wazazi wakaanza kuwatoa watoto darasa la nne. Mtu akarusha jiwe dirishani kwa mwalimu. Mwalimu mkuu, mtu mwoga ambaye fundi alimwandikia kibao cha UKWELI NA BIDII juu ya mlango wa ofisi, alimwambia mwalimu akapumzike nyumbani kwanza. Karatasi ya saini ikapitishwa, kutaka afukuzwe kabisa, na saini ya kwanza ilikuwa ya Mama Koplo, imepinda kwa kuandikwa na mkono wa kushoto.

Fundi alikula na hakushiba. Alipita njia ya nyuma ili asipite kwa mwalimu. Alikutana naye mara moja tu, sokoni, na plasta kwenye paji la uso, na mwalimu akamsalimu vizuri tu, "Habari za kazi, Fundi?" Angemtukana ingekuwa nafuu. Fundi alijibu "nzuri" na akaona aibu ya neno hilo siku nzima.

Wiki ya tatu mwenyekiti wa kamati alimletea kitambaa kipya na maneno ya kuandika: ALIYEMZIKA KOPLO AKIWA HAI HAFAI KUFUNDISHA. Fundi alikitandika. Akachora mistari. Akachukua chaki ili apime, mkono ukaanza lile jina, na akausimamisha kwenye herufi ya tatu. Akaanza moja kwa moja na rangi. Hakuweza kutoyasoma maneno. Kila herufi ilikuwa inasema, na zote zilikuwa zinamsema yeye. Alipofika AKIWA HAI, mstari ulikuwa umeinama kiasi ambacho hata mtoto angeona. Akaiweka brashi majini, akafunga duka mchana kweupe, akaenda kwa mwalimu.

Alimkuta anasahihisha madaftari ya zamani, kazi isiyokuwa na maana sasa, dirisha limezibwa kwa kadibodi. Fundi alisema yote akiwa bado amesimama, kabla ya kukaribishwa: chaki, jina, mkono, na yale maneno aliyoyasema mbele ya duka la dawa.

"Najua," mwalimu alisema. "Nakala ya karatasi niliyokupa ninayo mwenyewe. Majina thelathini na tano."

"Mwalimu! Sasa kwa nini hukuwaonyesha? Ungeitoa tu, ingekwisha."

"Wangeniuliza ile nafasi niliiacha ya nani."

Fundi alimtazama, na ndipo alipoelewa, na akatamani asingeelewa.

"Miezi minne sijapata barua yake," mwalimu alisema. "Jeshi linaniandikia 'hajulikani alipo'. Nilikwambia familia fulani kwa sababu sikuwa na mdomo wa kusema mimi. Nilidhani asubuhi ile nitapata moyo wa kuleta jina. Sikupata. Sasa nisimame mbele ya watu wale, niwaambie nafasi ya wafu niliiweka kwa ajili ya mwanangu? Nitakuwa nimemzika mwenyewe. Bado natazama njia, Fundi. Acha waniseme." Alifunga daftari. "Lakini dada yako mwambie. Tulikuwa marafiki. Sipendi anione hivyo."

Fundi hakusubiri kesho, maana alijijua. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, akamkuta anakunja nguo kwa mkono mmoja, akakaa mbele yake.

"Dada, lile jina niliandika mimi. Mwalimu hakuniambia. Ni mkono wangu tu, nilikuwa napimia."

Alitegemea kofi. Mama Koplo aliendelea kukunja shati.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Kaka, jina la mwanangu umelipimia mabango tangu hajaota meno ya mbele. Nilipotulia hospitali nilijua. Nikangoja useme. Nikasikia umewaambia watu unaandika unacholetewa. Basi nikaishika hiyo. Ilinifaa. Ningekulaumu wewe ningebaki na nani? Mwalimu nilikuwa simhitaji."

Fundi alipandwa na hasira ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa ya kujichukia mwenyewe, na ikamtoa neno alilopaswa kulificha. "Unajua nafasi ile ilikuwa ya nani? Ya mwanawe! Miezi minne hajui kama yuko hai au vipi!"

Shati likamponyoka dada yake. Aliinama kuliokota, na alipoinama hakuinuka. Alikaa pale sakafuni.

"Amekufa," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Ile Jumapili. Kwenye simu. Barua zao hukaguliwa, hakuweza kuandika. Alisema, mama, nenda kwa mwalimu leo leo. Mwambie nilikuwa naye, mwambie hakuteseka, mwambie nimemzika mimi mwenyewe na mahali napajua." Alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi. "Nikasema nitakwenda. Mkono ulikuwa unauma, na nilikuwa na hasira naye. Nikasema kesho. Kesho ikaja karatasi ya saini. Nikishatia saini ya kumfukuza, nimwendee kwa mdomo gani? Nikajidanganya kwamba jeshi litamwandikia. Kaka, wiki tatu. Mwanangu akipiga ananiuliza, ulimwambia? Namwambia ndiyo."

Fundi hakuwa na la kumlaumu. Neno lake moja ndilo lililompa dada yake pa kusimama, na yeye alisimama hapo. Alimwinua, akamfunga kanga kichwani kwa kuwa mkono mmoja haukuweza, wakatoka. Walipita mtaani mchana ule watu wakiwatazama, na mwenyekiti wa kamati akiwa mlangoni kwake akauliza kitambaa kimefikia wapi. Wakampita.

Mwalimu alifungua mlango mwenyewe. Alimwona fundi, kisha akamwona aliyekuwa nyuma yake. Mama yule hakuwa amekanyaga pale kwa mwaka mzima, na alikuwa na mtoto mmoja tu kule mpakani ambaye angeweza kuleta habari. Mwalimu hakuuliza wamefuata nini. Alishika fremu ya mlango.

"Mwanangu alikuwa naye," Mama Koplo alisema. "Hakuteseka. Amemzika yeye mwenyewe, mahali anapajua."

Mwalimu hakulia. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, polepole, kama anavyoitikia mtoto anayesoma vizuri.

"Alikwambia lini?" aliuliza.

Mama Koplo alimtazama kaka yake. Fundi alitaka kusema yeye, alifungua mdomo, lakini hili halikuwa lake.

"Ile Jumapili," Mama Koplo alisema. "Baada ya vurugu."

Mwalimu alihesabu. Walimwona akihesabu.

"Jumatatu hii nimemtumia soksi," alisema. "Nilikwenda posta. Nilifuma mwenyewe jozi mbili, yule bwana wa posta akaniambia mama, anwani uiandike vizuri, na mimi nikairudia kuandika mara mbili, isije ikapotea."